Ghorofa moja, mafundi kumi: nani amwambie nani?

Ukijenga ghorofa una watu kumi saiti, injinia, fundi nondo, wa umeme, wa bomba na wengine, hapo tayari kuna njia 45 za watu wawili wawili kuongea, na kila njia habari inaweza ikapindia hapo. Kufungua grupu la WhatsApp peke yake hakusaidii kitu.

Kwanza kabisa amueni nani anatoa maagizo. Mimi nilimwachia kila mtu aongee na fundi, shemeji akapita jioni akasema choo kisogezwe upande wa pili, fundi bomba hana habari, zege likamwagwa, baadae tunatoboa slabu kwa nyundo na tindo. "Si bosi ndo alisema?" fundi ananiuliza. Bosi gani sasa!

Chukua daftari, kila kazi ichoree safu nne: anayefanya, anayebeba lawama (awe mmoja tu, wawili hapana), anayeulizwa kabla, na anayepewa taarifa tu. Mfano kumwaga slabu: anafanya fundi mkuu, lawama ya msimamizi, anaulizwa injinia akague nondo, na wa umeme na bomba waseme paipu zao zimeshalala, mwenye nyumba yeye anaambiwa tu siku. Injinia akisafiri je? Andika na wa kumshikia nafasi.

Mchoro ukibadilika iandikwe, tarehe na sahihi, simu haitoshi. Halafu ile michoro ya zamani itoeni saiti, hii watu wanaisahau sana.