Namna ya kulifikisha jambo la mtaa wako Baraza la Mji mpaka likatekelezwa

Barua ya kuomba mtaro ikiandikwa Aprili, maji yakiwa yameshaingia majumbani, imechelewa. Mwaka wa fedha wa Serikali ya Zanzibar unaanza tarehe 1 Julai, na Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, Unguja, huketi kwa bajeti mwezi wa Mei na Juni. Masika yanapoanza kumwagika Machi, makisio, yaani bajeti, ya mabaraza ya miji yameshajadiliwa na mengi yameshapelekwa mbele. Utakachopata Aprili, ukipata, ni kusafishiwa. Kujengewa ni jambo la makisio, na makisio yana msimu wake.

Mimi nilikuwa mwandishi wa vikao katika baraza moja la mji hapa Pemba mpaka nikastaafu. Nilitayarisha ajenda, nikakaa pembeni ya Katibu na kalamu yangu, nikaandika nani kasema nini na lipi limeamuliwa. Siku hizi majirani hunijia nyumbani baada ya Alasiri: "Shangazi, tuandikie barua ya baraza." Nawaandikia. Lakini napenda zaidi kila mtu aijue njia mwenyewe, kwa sababu nimeona mambo ya haki kabisa yakipotea bila ya mtu yeyote kuyakataa. Yaliingia kwa mlango usio wake, au kwa wakati usio wake, basi.

Jua kwanza jambo ni la nani

Wete, Chake Chake na Mkoani zina mabaraza ya mji, na yanafanya kazi chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014. Hiyo ndiyo iliyochukua nafasi ya sheria mbili za 1995, Namba 3 iliyokuwa ya manispaa na Namba 4 iliyokuwa ya wilaya na miji. Ukisikia mtu anakutajia sheria ya 1995 ukumbini, ujue anasoma karatasi ya zamani.

La baraza ni usafi na taka, marikiti, machinjio, mitaro ya mvua ya mitaani, leseni za biashara, mifugo inayozurura mjini. Bomba likipasuka nenda ZAWA, mamlaka ya maji. Nguzo ya umeme ikilala nenda ZECO, shirika la umeme. Barabara kuu ina wakala wake, na hapa watu wengi hujikwaa: mtaro unaokwenda sambamba na barabara kuu mara nyingi ni wa watu wa barabara, hata kama maji yake yanaishia mlangoni kwako. Uliza kabla hujaandika. Barua iliyokosea ofisi haikataliwi, huzungushwa, na kuzungushwa kunakula miezi.

Kisha jua watu wako. Sheha hakuchaguliwa na wewe, ameteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Ndiyo maana Novemba 2024, wenzetu wa Bara walipopiga kura kuchagua wenyeviti wa vijiji na mitaa, sisi hatukuwa na uchaguzi huo. Lakini sheha ndiye anayekujua, na barua iliyopita kwake ina uzito kuliko iliyomruka. Diwani ndiye uliyemchagua kwa kura, kwa wadi yako, siku ile ile unayompigia kura Rais wa Zanzibar, Rais wa Muungano, mbunge na mwakilishi. Katika karatasi tano za kura, ya diwani ndiyo watu wanayoipa fikra ndogo kabisa, na ndiyo iliyo karibu kabisa na jaa la taka la mtaani kwao. Pamoja na wa kuchaguliwa, wamo barazani madiwani wa kuteuliwa. Mwenyekiti wa baraza huchaguliwa na madiwani wenyewe kutoka miongoni mwao. Mkurugenzi ni mtendaji, ameteuliwa, na ndiye katibu wa vikao. Kwa hiyo diwani anasema, baraza linaamua, Mkurugenzi na watu wake wanatenda. Ukimbana diwani kwa nini gari ya taka haikupita Jumanne, unambana asiyeshika funguo za gari. Mbane aulize barazani kwa nini ratiba haifuatwi. Hilo ni lake hasa.

Barua

Nitachukua mfano wa kina mama wanaouza mboga na ndizi nyuma ya marikiti. Barua yao ya mwanzo, waliyoiandika kabla hawajaja kwangu, ilisema hivi: "Sisi kina mama tunaomba mtusaidie tatizo la maji kwani tunateseka sana na watoto wetu." Kila neno lilikuwa kweli. Lakini ofisa akiisoma hajui amtume nani, wapi, kufanya nini.

Tulikwenda pamoja mpaka penyewe. Tukatembea kwa hatua kutoka kona ya mabucha mpaka pale mtaro unapoingia bondeni. Tukahesabu vibanda vinavyoingia maji: kumi na kimoja. Tukaona mifuniko mitatu imevunjika na mchanga umejaa mpaka ukingoni. Mmoja wao akawa na picha kwenye simu, maji yamefika kwenye miguu ya meza ya nyanya, na tarehe yake ipo. Barua ya pili ikaenda hivi:

Mkurugenzi, Baraza la Mji. Kupitia kwa Sheha. KUH: KUZIBA NA KUVUNJIKA KWA MTARO NYUMA YA MARIKITI. Tafadhali husika na mada ya hapo juu. Mtaro unaoanzia kona ya mabucha kuelekea bondeni, takriban hatua sitini, umejaa mchanga na mifuniko yake mitatu imevunjika. Mvua ikinyesha, vibanda kumi na kimoja vinaingia maji na biashara inasimama. Tunaomba mambo mawili: mtaro usafishwe sasa, na ujengwe upya katika makisio ya mwaka ujao. Sisi tuko tayari kutoa nguvu kazi siku ya kusafisha na kuhamisha meza zetu siku za ujenzi. Nakala kwa Mheshimiwa Diwani wa Wadi.

Majina, saini, namba za simu mbili, tarehe. Ukurasa mmoja, hauzidi. Maombi mawili yametenganishwa makusudi, kwa sababu la kusafisha linaweza kumalizwa na mkuu wa kitengo bila ya kikao chochote, na la kujenga linahitaji baraza. Ukiyachanganya, dogo litalala likilisubiri kubwa. Na ile ahadi ya nguvu kazi si ya kupamba barua. Diwani anaposimama kukutetea, ndilo jambo la kwanza atakaloulizwa na wenzake: wananchi wenyewe wanachangia nini?

Masijala, hapa usione uvivu

Peleka barua mwenyewe kwa mkono na chukua nakala ya pili. Pale masijala, ofisi ya kupokelea na kuhifadhi barua, mwambie karani aigonge mhuri wa kupokelewa wenye tarehe kwenye zote mbili, na umwombe akuandikie namba ya jalada kwenye nakala yako. Mwombe kwa adabu, hana sababu ya kukukatalia. Siku utakayorudi kuulizia, mtu mwenye namba ya jalada hutafutiwa karatasi yake. Asiyekuwa nayo huambiwa, "Njoo wiki ijayo, mama." Nawajua wananchi walioambiwa njoo wiki ijayo mpaka mwaka ukapinduka, na wote walikuwa wamempa barua mtu mlangoni kwa sababu walikuwa na haraka ya kuwahi gari ya shamba.

Kutoka hapo barua inakwenda kwa Mkurugenzi, naye huandika maelekezo pembeni na kuishusha kwa mkuu wa kitengo. Unachokitaka katika hatua hii ni kimoja: fundi au mhandisi wa baraza afike, apime, aandike gharama. Hakuna kamati inayoweza kupitisha mtaro usiokuwa na gharama. Wiki mbili baada ya kupeleka barua, nenda ukaulize, "Mhandisi atafika lini?" Akifika, uwepo. Mwoneshe na yale asiyoyaona siku ya jua, yaani maji yanatokea wapi na yanafika kimo gani ukutani.

Mambo huamuliwa kwenye kamati

Watu wa mjini wanaipenda siku ya kikao kikuu. Madiwani wamevaa, mwenyekiti ameingia, kila mtu amesimama. Lakini baraza zima hukutana kikao cha kawaida kila robo ya mwaka, na ajenda yake huwa ndefu. Wanachokipata mbele yao ni taarifa za kamati. Kamati ikiwa imependekeza, baraza kwa kawaida hupitisha. Kamati ikiwa haikulijadili jambo lako, diwani wako atalisimamia kwenye "mengineyo", jioni, watu wamechoka, na mwenyekiti atasema, "Mheshimiwa, suala lako tumelichukua." Nimeandika sentensi hiyo katika kumbukumbu nyingi mno.

Kwa hiyo mfuate diwani kabla ya kamati. Mkamate kwa utulivu, si harusini wala msibani. Mpe nakala yenye mhuri, picha, na gharama ya mhandisi kama imeshatoka. Muulize ni kamati gani italipokea na inakaa lini. Jambo la pesa lazima lipite kamati ya fedha hata kama limeanzia kwingine. Kama yeye si mjumbe wa kamati hiyo, muulize nani ni mjumbe, na amwombe mwenzake alibebe. Diwani mpya hasa anahitaji kukumbushwa hili, maana wengi huingia wakidhani nguvu yao iko kwenye kusema ukumbini. Nguvu iko kwenye meza ndogo ya kamati, mbele ya jedwali la makisio, pale inapoulizwa: mtaro huu unaingia kasma ipi, yaani fungu lipi la matumizi, na kipi kinapungua ili uingie?

Msimu wa kufanya haya yote ni vuli. Kuanzia Oktoba mvua za vuli zinakuonesha mtaro ulivyo, ushahidi unaupata bure, na makisio ya mwaka ujao ndiyo yanaanza kukusanywa. Ikifika Januari jambo lako liwe limeshajulikana kwa mhandisi, kwa kamati na kwa diwani.

Siku ya kikao

Ukitaka kwenda kusikiliza, ulizia ofisi ya Mkurugenzi siku chache kabla. Fika mapema, kaa nyuma, simu izime. Si mkutano wa hadhara, huna zamu ya kusema, na ukipiga kelele unamharibia diwani wako. Akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa, ikiwa haikutimia kikao huahirishwa, kwa hiyo usikodi gari ya watu kumi kwenda kushangilia.

Sikiliza azimio linavyotamkwa. Azimio la kulishika lina mambo matatu: nani atafanya, mpaka lini, kwa fedha za kasma ipi. Likitajwa tu kwamba baraza limepokea taarifa ya mtaro, hakuna aliyefungwa na chochote. Diwani makini husimama hapo hapo na kusema, "Mwenyekiti, naomba tumwagize Mkurugenzi alete taarifa ya utekelezaji kikao kijacho." Mwenzake akimuunga mkono, na mwandishi akiandika, umeshapata pa kushika.

Kwa nini? Kwa sababu kikao kijacho, mara baada ya kuthibitisha kumbukumbu, kinachofuata ni yatokanayo na kikao kilichopita. Kila agizo lililoandikwa linaitwa kwa zamu na Mkurugenzi analijibia. Agizo ambalo halikujibiwa hubaki kwenye orodha na kurudi tena. Mimi nikikaa pale pembeni niliwaona wakuu wa vitengo wakipiga simu asubuhi ya kikao kuuliza kazi fulani imefika wapi, kwa sababu tu iko kwenye yatokanayo. Kwa hiyo mkumbushe diwani wako wiki moja kabla ya kila kikao cha robo mwaka. Ujumbe mfupi unatosha: namba ya jalada, agizo lilisema nini, mpaka leo nini kimefanyika na nini bado.

Baraza likikataa

Omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi itakuwa fedha, na hapo uliza kama kazi inaweza kugawanywa, mifuniko mwaka huu na ukuta mwaka ujao. Kina mama wa marikiti walipata hivyo: usafishaji kwanza, mifuniko baadaye, na kipande cha bondeni bado wanakidai. Unaweza pia kumwendea mwakilishi au mbunge kwa mfuko wa maendeleo wa jimbo, lakini mweleze wazi kwamba liko barazani na limefikia wapi, msije mkajikuta wawili mnajenga kipande kimoja.

Na kila uchaguzi unapopita, kama ule wa Oktoba 2025, usidhani diwani mpya amerithi jambo lako kwa aliyetoka. Jalada liko masijala, yeye hajalisikia. Toa nakala ya barua zote, zipange kwa tarehe, juu kabisa weka karatasi moja ya muhtasari kwa mkono wako, umpelekee kabla kamati zake hazijaanza kukaa.