Namna ya Kutofautisha Magimbi ya Kuliwa na Maua Yanayofanana Nayo

Katika viwanja vingi vya Mwanza, kuanzia nyumba zilizobanwa kati ya mawe hadi bustani zilizo karibu na ufukwe wa Ziwa Viktoria, magimbi hupandwa pale ambapo udongo haukauki: bondeni, chini ya bomba, au kando ya karo la kuoshea vyombo. Maua kadhaa ya mapambo yenye majani mapana hupenda mahali hapohapo, kwa hiyo mtu anayehamia nyumba ya kupanga anaweza kuyakuta yote yameota pamoja, na aliyeyapanda ameshahama.

Kabla ya jambo lolote, ulimi usitumike kama kipimo. Mimea hii yote ni ya jamii moja, na yote ina fuwele za kalsiamu oksaleti zenye umbo la sindano ambazo huchoma midomo, ulimi na koo. Hata gimbi zuri kabisa huwasha likiwa bichi. Kwa hiyo mtu anayeonja kipande ili ajue kama kinaliwa hujiumiza bure, kwa kuwa jibu atakalopata ni lilelile kwa mmea mwema na kwa mmea mbaya.

Anza na jani lililokomaa, uligeuze na kutazama mahali kikonyo kinaposhika. Kwenye gimbi la kawaida, ambalo kitaalamu huitwa Colocasia esculenta, kikonyo hakifiki kwenye pengo lililo kati ya masikio mawili ya jani, bali hushika ndani zaidi, upande wa chini, kama mpini wa mwavuli uliosogezwa kidogo kutoka katikati. Jani lenyewe huning'inia, ncha ikielekea ardhini, na uso wake haung'ai. Ukilimwagia maji, hujikusanya kuwa matone na kuteleza bila kulilowesha.

Hata hivyo, alama hiyo ya kikonyo peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi hukosea. Ua dogo lenye mabaka mekundu, ya waridi au meupe, liitwalo Caladium, nalo hushikwa na kikonyo kwa namna hiyohiyo. Tofauti yake ni kwamba jani lake ni jembamba kama karatasi, mmea kwa kawaida ni mfupi, na kiangazi kikikolea majani hunyauka yote hadi mtu akadhani umekufa. Lina sumu, na halifai kuingia jikoni.

Mmea unaostahili hofu zaidi ni ule mkubwa uitwao Alocasia, ambao wauza miche huupenda kwa sababu hupamba lango la nyumba. Majani yake ni mazito na yanang'aa, na ncha zake mara nyingi hutazama juu au mbele badala ya kuinama. Kikonyo cha jani lililokomaa hushika kwenye pengo au karibu nalo sana, ingawa jani la mche mchanga linaweza kukudanganya. Ukiona shina nene limepanda juu ya ardhi, likiwa na makovu ya majani ya zamani, basi uliache lilivyo.

Lipo pia gimbi lenye asili ya Amerika ya kitropiki, Xanthosoma, ambalo huliwa ingawa kikonyo chake hushika kwenye pengo kabisa. Jani lake lina umbo la mshale, na mshipa mwembamba hufuata ukingo wake pande zote. Kwa kuwa ni rahisi kulichanganya na Alocasia, nisingemshauri mgeni wa bustani alichimbe bila kuelekezwa na mkulima anayelifahamu.

Majani yakikubaliana, fukua udongo taratibu ukiwa umevaa glovu. Gimbi la kawaida lina tunguu la kahawia lenye pete na nyuzi, mara nyingi limezungukwa na vitoto vyake, na nyama yake ni nyeupe au ina chembe za zambarau. Tunguu la Caladium ni dogo na bapa. Zipo pia aina za gimbi hilohilo zenye majani meusi, zilizokuzwa kwa ajili ya urembo. Hizo nazo ziachwe kwenye chungu cha maua. Gimbi lililoota kwenye mfereji wa majitaka lisiliwe, hata likiwa halali kwa kila alama.

Lililothibitika limenywe, likatwe, kisha lichemshwe hadi liive kabisa, kwa maana lililoiva nusu bado huwasha koo. Kwa bustani mpya, chukua vichipukizi kwa mkulima ambaye umekwisha kula magimbi ya shamba lake, uvipande mbali na maua. Mtoto akitafuna jani lolote kati ya haya, toa mabaki mdomoni, msukutulishe kwa maji baridi, na usimlazimishe kutapika. Ulimi ukivimba au akipumua kwa shida, mpeleke hospitali mara moja pamoja na kipande cha mmea huo.