SOMO: Kidole gani kidonoe uzi gani? (mkono wa kulia)

Habari zenu wakuu. Wengi mnaoanza gita la vidole mnakesha na mkono wa kushoto mpaka kodi (chords, noti kadhaa zinazoshikwa pamoja) zinakaa vizuri kabisa, ila wa kulia unadonoa kwa kidole chochote kilicho karibu, halafu wimbo ukiongezwa spidi kidogo tu vidole vinagombana. Leo tushughulike na huo.

Hatua ya 1. Vipe vidole herufi. Mimi naandika G gumba, S shahada, K cha kati, P cha pete. Cha mwisho tukiache, kifupi na hakina nguvu, wanaokitumia sana ni watu wa flamenko (muziki wa gita wa Kihispania) wakikwangua nyuzi zote.

Hatua ya 2. Kila kidole kiwe na kwake. Gumba inalinda nyuzi za besi yaani 6, 5 na 4 (wa 6 ndo mnene wa juu kabisa, wa 1 ndo mwembamba wa chini), shahada uzi wa 3, cha kati wa 2, pete wa 1. Shika kodi ya C, donoa G kwenye uzi wa 5 halafu S, K, P, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) 60 kwa dakika, noti moja kila mlio. Ukihamia kodi ya G (hii G ni jina la kodi, siyo kidole), gumba inahamia uzi wa 6, ukienda D inakuja wa 4, vile vingine vitatu havijahama popote. Kaa hapo wiki nzima, usiwe na haraka.

Hatua ya 3. Hapa ndo penye kazi. Melodi ikianza kukimbia usirudie kidole kilekile mara mbili mfululizo, pokezanisha S na K. Na ukivuka uzi angalia nani anapokea: kutoka uzi wa 2 kwenda wa 1, noti ya mwisho ya uzi wa 2 ipige kwa S ili K ipokee uzi wa 1, maana tayari iko upande huo. Ukigeuza, yaani K imebaki uzi wa 2 na S inanyoosha shingo kuufata wa 1, vidole vinapishana na mkono wote unapinda. Ikikutokea usilazimishe, rudi mwanzo wa kipande uanze na kidole kingine, mara nyingi kosa lilianzia noti nne tano nyuma. Andika herufi chini ya kila noti kwa penseli kabla hujapiga.

Hatua ya 4. Sikiliza wimbo unataka vidole vingapi. Mpiga gita Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, ambaye mtafiti wa muziki wa Kiafrika Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville (sasa Likasi) mwaka 1952, alidonoa kwa gumba na shahada tu, na mpiga gita Merle Travis kule Marekani hivyohivyo. Gumba inatembeza besi bila kusimama, shahada inaingia katikati ya mapigo. Binafsi nikisikia nyimbo za Katanga zimepigwa kwa vidole vinne naona zimepoa, ule mvutano wa vidole viwili ndo utamu wenyewe.

MASWALI

Mwalimu nina karatasi imeandikwa p kwenye uzi wa 6, sasa pete itafikaje huko juu?
– Hapana kaka, hiyo p ni ya Kihispania, pulgar, ndo gumba. Kwao i ni shahada, m cha kati, a ndo pete. Ukiwa na karatasi za hivyo fata herufi zao, achana na zangu usije ukachanganyikiwa.

Mkuu kidole cha pete sauti yake ndogo sana, kama hakipo.
– Kinategemea sana cha kati ndo maana kinasita kikiwa peke yake. Piga K na P pamoja kwanza, nyuzi 2 na 1, sauti zikilingana ndo ukitenganishe. Kifundo cha mkono kisipinde, na ukisikia maumivu pumzika.

Gumba yangu inagongana na shahada kila saa.
– Isogeze mbele kidogo upande wa shingo ya gita, isijifiche ndani ya kiganja. Ukitazama kutoka juu gumba iwe imetangulia.

Shikamoo mwalimu, gumba inaruhusiwa kugusa uzi wa 3?
– Marahaba. Inaruhusiwa kabisa, hasa kwa vidole viwili, shahada inabaki na nyuzi 2 na 1. Jaribu na C, gumba uzi wa 5, wa 3, wa 4, wa 3, hata kabla shahada haijaingia utasikia inaanza kuimba.