Mzee anapodai jioni kuwahi meli ya Nansio

Kwa wale tunaouguza wazazi wenye dimensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) nyumbani, magharibi ndiyo saa ngumu kuliko zote, kwa kuwa mwanga hafifu na vivuli humchanganya mgonjwa ambaye akili yake imekwisha kuchoka tangu asubuhi. Huku Kirumba namfahamu mzee anayedai kila jioni kuwahi meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, ingawa ameishi Mwanza zaidi ya miaka 40. Usibishane na mtu wa namna hiyo, wala, akimtaja mama yake, usimkumbushe kwamba alikwisha kufariki, maana kila mara atafiwa upya. Muulize habari za huko Ukerewe, nani anamngoja, walikuwa wakivua samaki gani, kisha tembea naye taratibu hadi kibarazani na kurudi; mara nyingi anachokitafuta ni utulivu, si chombo.

Washa taa kabla giza halijaingia, funga mapazia, na kahawa iishie mchana. Kwa sisi tunaokaa kwenye miteremko ya mawe au karibu na ziwa, komeo la mlango liwekwe juu ya usawa wa macho yake, lakini asifungiwe ndani peke yake kamwe, na vijana wa bodaboda wa kijiweni waoneshwe picha yake. Endapo amechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, usidhani ni dimensia tu: malaria, maambukizi ya njia ya mkojo au hata kufunga choo huweza kuleta hali hiyo, naye anapaswa kupimwa siku hiyohiyo.