Somo: Unabadilisha tairi la pikipiki nyumbani? Oili chafu iache kwenye kopo lake

Wakuu, habari za kazi. Juzi mwenzetu mmoja ameleta picha ya tyubu iliyochanika pale pale kwenye shina la valvu, akauliza kama tyubu za siku hizi ni feki. Nikamuuliza kitu kimoja tu: siku tairi linavalishwa, lilipakwa nini? Akajibu, "Oili kidogo, maana lilikuwa gumu." Ndiyo maana nimekaa kuandika hili.

Mwenyewe limenikuta. Nilikuwa na Boxer, nikanunua tairi jipya la nyuma, 3.00-17, nikalivalisha jioni uani kwangu kwa oili niliyokuwa nimeimwaga kutoka kwenye injini siku hiyo hiyo. Liliingia laini mno, nikajiona fundi. Siku ya tatu nashuka mlima mkali wa Kitonga, Iringa, mguu umekaa kwenye breki ya nyuma muda mrefu, ghafla mkia wa pikipiki ukaanza kucheza kushoto kulia. Nilifanikiwa kusimama kando. Kuangalia, valvu imelala upande. Kuigusa, ikatoka yote mkononi na nati yake, tyubu imebaki ndani. Breki ilikuwa imeishika rimu, tairi likaendelea kuzunguka kidogo kidogo juu yake kwa sababu ya ule utelezi, tyubu ikalifuata tairi, shina likakatika. Upepo nao ulikuwa pungufu, sikatai. Lakini tairi kavu lisingetembea vile.

Kwa hiyo tunatafuta kitu kinachoteleza dakika kumi za kuvalisha, halafu kikauke na kuondoka kabisa. Mafuta yanaweza la kwanza tu.

HATUA YA 1: Jua kinachokusumbua

Pembezoni mwa tairi kuna ukingo mgumu unaokaa kwenye rimu. Nitauita mdomo wa tairi. Ndani yake kuna waya za chuma, na chuma hakivutiki. Ukiona tairi limegoma, mara nyingi si ukavu. Ni kwamba upande wa pili mdomo umekaa juu badala ya kuzama kwenye ule mfereji wa katikati ya rimu. Piga magoti juu ya tairi, usukume mdomo uzame mferejini, na upande wa huku utapata nafasi. Wengi tunakimbilia oili kwa sababu hatukupiga magoti.

HATUA YA 2: Chagua kilainishi

Kilicho bora kuliko vyote ni sabuni maalumu ya tairi. Ni kitu kizito cheupe au cha njano, kinakaa kwenye ndoo, na maduka ya tairi za magari yenye mashine ya kuvulia huwa nacho, brashi imechomekwa humo humo. Huhitaji kununua ndoo nzima. Nenda na kopo tupu la Blue Band, ongea na kijana wa pale vizuri, atakuchotea. Kopo hilo linakutosha matairi mengi.

Hukupata? Sabuni ya mche, ile ya kufulia. Kwangua kipande cha ukubwa wa kiberiti, weka kwenye nusu lita ya maji ya moto, koroga, acha ipoe. Itakuwa kama uji mwepesi unaovutika ukiinua kijiko. Huo ndio uzito unaotakiwa: ushike kwenye mpira, usitiririke ndani ya tairi. Angalia isiwe sabuni ya kienyeji ambayo haijakomaa, ile inayochoma mikono. Kostiki soda iliyobaki ndani yake inakula rimu za aluminiamu.

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo inafaa ukiwa umekwama. Nyingi zake zina chumvi ya kuzifanya ziwe nzito, na chumvi ikibaki kwenye rimu ya chuma utaona kutu kwenye vichwa vya spoki. Tumia kidogo, changanya na maji, ukimaliza futa kwa kitambaa chenye maji safi. Sabuni ya unga usiiguse kabisa kwa kazi hii, ni kali kwa metali.

Huna sabuni yoyote, uko porini? Maji matupu. Ndiyo, maji. Yanateleza kidogo na hayaharibu kitu.

Sasa hivi visivyofaa, niviseme kwa mkupuo. Oili mpya au chafu, grisi, dizeli, mafuta ya taa, petroli, dawa za kupuliza za kulegeza nati, na mafuta ya mgando ya kujipaka (mengi yanatokana na mafuta ya ardhini pia, usidanganywe na harufu nzuri). Mpira wa tyubu na wa tairi hunywa mafuta ya aina hii, unavimba na kulainika. Tyubu iliyokunywa oili unaijua ukiishika: inanata vidoleni, na ukiivuta hairudi upesi. Halafu siku ikipata pancha, kiraka hakishiki. Fundi atakwangua, atapaka solusheni, atasubiri, kiraka kitabanduka kama stika iliyobandikwa kwenye sahani chafu. Mafuta ya alizeti au nazi hayaumizi mpira kiasi hicho, lakini hayakauki, kwa hiyo habari ya Kitonga iko pale pale. Dawa ya kung'arisha matairi pia hapana. Hiyo imetengenezwa ibaki.

HATUA YA 3: Safisha kabla ya kupaka

Tairi la zamani likishatoka, pitisha kitambaa kwenye rimu yote. Kama kuna kutu, sugua kwa msasa mwepesi, maana kutu inakwaruza mdomo na kuzuia tairi kukaa sawa. Utepe wa raba unaofunika vichwa vya spoki urudishe mahali pake. Kama umekatika, weka mwingine. Kata hata tyubu mbovu upate utepe, lakini usiache wazi.

HATUA YA 4: Paka panapostahili

Tumia brashi ndogo ya rangi. Paka mdomo wa tairi pande zote mbili, ndani na nje, upana wa vidole viwili. Paka na kingo za rimu. Basi. Usimwage ndani ya tairi, usipake tyubu.

Tyubu ina chakula chake, poda. Poda ya mtoto ya kawaida. Nyunyiza kiganja kimoja ndani ya tairi, zungusha tairi isambae, kung'uta inayobaki. Tyubu itajipanga bila kujikunja wala kung'ang'ania mpira.

HATUA YA 5: Valisha

Angalia mshale ulio ubavuni mwa tairi uelekee gurudumu linakozungukia. Ingiza mdomo wa kwanza. Tia tyubu ikiwa na upepo kidogo sana, ipate umbo tu, isije ikabanwa na leva (kile chuma bapa cha kuvulia na kuvalishia tairi). Shina la valvu lipitishe tunduni, nati izungushe nyuzi mbili tatu tu.

Mdomo wa pili anzia upande wa mbali na valvu, malizia kwenye valvu. Shika vipande vidogo vidogo, kila leva ichukue sentimita tano hivi, na magoti yako yawe yanasukuma upande wa pili mferejini. Ukifika mwisho pakakaza, usiongeze nguvu. Rudi ukaangalie magoti, kisha ongeza sabuni pale palipobaki. Ukimaliza, sukuma valvu ndani kidogo kisha iachie, uhakikishe tyubu haijakaliwa na mdomo.

HATUA YA 6: Jaza upepo, kisha subiri

Toa kipini cha ndani ya valvu, jaza, utasikia tairi linagonga "pa! pa!" likikaa kwenye rimu. Rudisha kipini, jaza tena. Usipite psi 40 kulilazimisha likae. Kama halijakaa, toa upepo wote, ongeza sabuni pale lilipozama, lidundishe chini, jaza upya. Ubavuni kuna mstari mwembamba unaozunguka tairi lote. Umbali wake kutoka kwenye rimu uwe sawa kila mahali. Likishakaa, shusha hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu au stika ya pikipiki yako.

Nati ya valvu usiikaze kwenye rimu. Ipandishe juu, iguse kifuniko. Hivyo tairi likitembea, valvu italala na wewe utaiona mapema kabla haijakatika. Kisha chukua rangi ya kucha ya nyumbani (omba kwanza), chora mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye tairi hadi kwenye rimu. Kila asubuhi tupia jicho. Mistari ikiachana, tairi linatembea.

Pikipiki ilale, uitumie kesho. Sabuni inahitaji kukauka. Na hata hiyo kesho usikanyage breki kwa fujo wala kuondoka kwa mbwembwe. Kilomita 100 za mwanzo nenda kwa adabu, maana tairi jipya lenyewe linateleza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu somo zuri, ila fundi wa kijiweni kwetu anatumia oili mwaka wa kumi huu na wateja hawalalamiki. Au una bifu na mafundi?

Jibu: Sina bifu kaka, wengi ni walimu wangu. Pikipiki ya cc 100 ina nguvu ndogo, na tairi likibana vizuri kwenye rimu linaweza kuvumilia. Lakini mteja akipata pancha miezi miwili baadaye huwa anarudi kwa fundi wa oili, au anaenda kwa fundi wa karibu na ilipopasukia? Siku ukifungua tairi alilolivalisha yeye, shika tyubu kwa vidole uniambie inanata au hainati.

Swali: Mimi niko Tanga, nyumbani tuna kisima. Nimejaribu uji wako wa sabuni, umekuwa mabonge mabonge kama maziwa yaliyokatika. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea dada, ni maji. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi na madini mengi, na sabuni ya mche inagandana nayo, ndiyo maana hata kufulia haitoi povu. Chukua maji ya mvua, au nusu chupa ya maji ya kunywa. Na maji ya chumvi usiyafutie rimu kwa hali yoyote, utaifungulia kutu mlango mwenyewe.

Swali: Nimeshapaka grisi wiki iliyopita, nimesoma hapa roho imedunda. Nifungue au niache?

Jibu: Fungua, tena usingoje safari ndefu. Futa grisi yote kwa matambara makavu kwanza, ndipo uoshe mdomo wa tairi na rimu kwa maji ya sabuni, suuza, anika kivulini. Usitumie petroli kusafishia, utakuwa unaongeza moto kwenye majivu. Tyubu kama imevimba au inanata, nunua mpya. Tairi kama mdomo wake bado mgumu na haujavimba, rudisha. Wiki moja haijaleta madhara makubwa.

Swali: Mimi nina pikipiki ya Pulsar yenye tairi la tyubulesi (lisilo na tyubu). Tairi halishiki kwenye rimu, upepo wote unatoka pembeni, pampu yangu ya mguu imenishinda. Jamaa ameniambia nipulizie petroli kidogo ndani niwashe kiberiti, litakaa lenyewe.

Jibu: Usifanye hivyo mzee wangu, nakuomba. Tumewaona wakifanya kwenye malori na tukapiga makofi, ila mlipuko hauna kipimo. Unaweza kupasua tairi au kukutoa macho, na mvuke unaobaki ndani bado unawaka. Fanya hivi: chukua ule mpira mrefu wa kufungia mizigo, zungusha katikati ya tairi pale panapokanyaga barabara, kaza kwa kijiti. Katikati itabonyea, mbavu zitasukumwa nje zigusane na rimu. Paka sabuni nzito ya kutosha, toa kipini cha valvu, jaza upepo wa kompresa badala ya pampu ya mguu. Ukisikia tu limeanza kushika, legeza ule mpira mara moja kabla upepo haujapanda.

Swali: Sabuni ikibaki ndani haitaozesha spoki?

Jibu: Ukipaka kwa brashi na usimwage, kinachobaki ni ukungu tu na kinakauka. Spoki nyingi zinaoza kwa maji ya kuoshea pikipiki yanayoingia kwenye tundu la valvu na kukaa humo.

Swali: Poda ya mtoto mke wangu amekataa kunipa. Naweza kutumia unga wa muhogo?

Jibu: Hapana bwana. Unga ukipata unyevu unakuwa gundi, utaota ukungu, na siku ukifungua tairi utakuta ugali. Poda ndogo kabisa ya dukani inakutosha matairi yote mawili. Nunua yako, ifiche kwenye boksi la spana.