Kuweka kofia kwenye gego na kuitunza

Gego likishatibiwa mzizi, au likiwa limezibwa weee mpaka zimebaki kuta tu, usikae nalo hivyo hivyo, muulize daktari habari ya kofia, yaani krauni, kifuniko kinachovikwa juu ya jino, maana magego ndo yanabeba nguvu ya kutafuna na likipasuka mpaka chini kwenye mzizi mara nyingi linang'olewa tu.

Kwa kawaida unaenda mara mbili. Siku ya kwanza unapigwa ganzi, jino linachongwa pande zote, kinachukuliwa kipimo halafu unabandikiwa kofia ya muda. Hii gundi yake ni dhaifu makusudi ili itoke kirahisi baadae, kwa hiyo tafunia upande wa pili, achana na bablishi, na uzi wa meno ukishaupitisha uvute utokee pembeni, usiurudishe ulikopitia utaing'oa.

Kwa meno ya huko nyuma mi naona kofia ya zirkonia (nyenzo nyeupe ngumu sana) au ya chuma ndo mpango, kauri tupu inapendeza ila ni rahisi zaidi kumeguka.

Ukishabandikiwa ya kudumu na ganzi ikaisha, ukihisi gego linagusa kabla ya mengine rudi lisawazishwe, usisubiri eti utazoea.

Kofia haiozi ila jino lililo chini linaoza, hasa pale kwenye ukingo wa fizi, hapo pigia mswaki mara mbili kwa siku na dawa yenye floraidi. Kama unasaga meno usiku omba kinga ya kuvaa ukilala. Kofia ikichomoka itunze, usiibandike na gundi ya dukani, wahi kwa daktari.