Maji yamekatika: je, hiyo ni scarcity?

Tuseme bomba la huku mlimani Bugando halijatoa tone tangu juzi. Madumu yako foleni, na ziwa unaliona pale chini linameta. Ukitaka kulieleza hilo kwa Kiingereza, mkono unakimbilia "There is water scarcity in Mwanza". Sarufi haina kosa, ila msomaji wa London atapiga picha ya ardhi iliyopasuka na visima vilivyokauka. Ulichotaka kusema ni "water shortage", na kama unaongea na jirani tu, "the water is off" inatosha kabisa.

Tatizo linaanzia kwenye neno letu uhaba, ambalo tunalitumia kwa kila kitu: uhaba wa maji, wa sukari, wa walimu, wa mafuta. Kiingereza kimeyagawa hayo. Kabla hujaandika, jiulize: kitu chenyewe ni kichache, au kipo ila kwa sasa hakitoshi? Kama ni kichache na hali hiyo ni ya muda mrefu, scarcity inafaa. Kama kimepungua na kinatarajiwa kurudi, ni shortage. Mpaka huu hauheshimiwi kila mahali. Wanigeria, kwa mfano, husema "fuel scarcity" pale ambapo Muingereza angesema "fuel shortage", na kwao ni sahihi.

Chukua dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba. Wavuvi huwavuta kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, taa hazina nguvu, mitumbwi inarudi na kidogo na bei ya gunia inapanda. Giza likirudi, dagaa nao wanarudi. Hapo andika "There is a shortage of dagaa this week". Sangara wakubwa ni habari nyingine, kwa sababu kupungua kwao si kwa wiki moja: "the growing scarcity of large Nile perch". Halafu kuna furu, ambao aina zao nyingi zilitoweka ziwani miaka ya 1980 sangara walipoongezeka. Aina ya furu inayoonekana mara moja moja huitwa rare. Tofauti ni hii: kitu scarce kinatakiwa na watu lakini hakitoshi, kitu rare hakionekani mara kwa mara hata kama hakuna anayekitafuta.

Scarcity pia haipimwi kwa idadi. Umeagiza magunia 40, yamefika 28. Ukiandika "a scarcity of 12 sacks", mteja ataduwaa. Andika "We are 12 sacks short", au kwenye barua rasmi "a shortfall of 12 sacks".

Ukosefu na upungufu vina mitego yao. Ukosefu wa usingizi ni "lack of sleep", ukosefu wa ajira ni "unemployment", upungufu wa walimu ni "a shortage of teachers", upungufu wa vitamini ni "vitamin deficiency" na upungufu wa damu ni "anaemia". Hakuna hata kimoja hapo kinachoita scarcity.

Kwenye sentensi, kitu kinachoadimika hufuata baada ya of, si for: "scarcity of land". Au kitangulize: "land scarcity", "food scarcity". Wingi wake, scarcities, hutumika mara chache sana; uache. Kivumishi chake ni scarce, na hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa kuwa kinakaa kwa kitu na si kwa mtu anayekikosa. "I am scarce of money" si Kiingereza. Sema "Money is scarce", au "I'm short of money". Kuna "make yourself scarce", ambayo maana yake ni potea hapa, usionekane. Scarcely nayo imeshajitenga na uhaba: "She could scarcely walk" ni kwamba alitembea kwa shida.

Kwenye matamshi, Kiswahili kinatuvuta vibaya mara mbili. Sisi hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunasema ska-SI-ti. Mkazo uko mwanzoni: SKEA-si-ti. Na hilo "scar" la mwanzo halitamkwi kama neno la kovu.

Darasani mambo hubadilika. Kwa wachumi scarcity ipo siku zote, hata kwa tajiri, kwa kuwa mahitaji hayaishi na njia za kuyatimiza zina kikomo. Mchumi Muingereza Lionel Robbins alijenga juu ya wazo hilo fasili yake ya uchumi mwaka 1932. Shortage kwao ni pale wanunuzi wanapotaka zaidi ya kilichoko sokoni kwa bei iliyopo. Bei ikiachwa ipande, shortage huisha, scarcity inabaki. Ukiyachanganya hayo kwenye mtihani, jibu zima linaharibika.

Wataalamu wa maji nao wana kipimo chao. Nchi yenye maji yanayojirudisha chini ya mita za ujazo 1,000 kwa mtu kwa mwaka huhesabiwa kuwa na water scarcity. Ila wana pia "economic water scarcity": maji yapo, kilichokosekana ni mabomba, pampu na fedha za kuyafikisha kwa watu. Kwa hiyo ukiandika andiko la mradi wa maji kwa mtaa ulio kando ya ziwa, tumia maneno hayo matatu kwa ukamilifu wake. Ukiacha economic, mfadhili ataangalia ramani, aone ziwa, aanze kukutilia shaka.

Mazungumzoni scarcity ni neno zito. Dukani watu husema "We've run out", imeisha, au "It's hard to come by", ni ya kutafuta kwa tochi. Ukitaka kutia chumvi, sema "as scarce as hen's teeth", yaani meno ya kuku. Sisi tunasema maziwa ya kuku. Usiyatafsiri hayo maziwa, hawatakuelewa.